Dhambi za Mazoezi

Barua yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na kwa miaka tisa mfululizo Bi Subiri hakuwa amebadilisha kitu humo isipokuwa tarehe. "Wapendwa wazazi na walezi wa darasa la nne, muhula huu watoto watajifunza," ndivyo ilivyoanza, kisha ikayamwaga: hesabu za sehemu, mimea na kazi za mizizi, kusoma ramani, kusoma kwa sauti na kwa ufasaha, na katika dini, sakramenti ya Kitubio pamoja na maandalizi ya Komunyo ya Kwanza. Ungeisoma ungedhani watoto wale wangetoka muhula huo wakiwa maaskofu. Sista Mkuu aliitaka mezani kwake Jumamosi kabla ya adhuhuri ili ipigwe nakala na kugawiwa Jumapili, mlangoni mwa kanisa, baada ya misa ya kufungua muhula. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi na tarehe ilikuwa imeshabadilishwa, kwa hiyo Bi Subiri alihesabu kazi hiyo kuwa imekwisha.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Mwalimu, nimemaliza. Subiri. Mwalimu, huyu kanichoma kalamu. Subiri. Walikuwepo wanaoapa kwamba siku nyoka alipoingia darasani alimwambia naye asubiri. Bi Subiri alilijua jina lake wala halikumkera, maana kukereka nako kunataka nguvu. Alikuwa na watoto hamsini na wanne, na kila mtoto alikuwa na madaftari matano, na yeye alikuwa na mkono mmoja wa kusahihishia. Ikifika saa nne asubuhi miguu ilikuwa imeshavimba viatuni. Alilala amechoka na kuamka amechoka vilevile, kama aliyelala na viatu.

Mtu aliyechoka hutafuta njia za mkato, na Bi Subiri alikuwa nazo mbili alizozitegemea.

Ya kwanza ilikuwa ya somo la kusoma. Alichagua aya moja kitabuni, watoto wakaisoma mmoja baada ya mwingine, aya ileile, kuanzia dawati la mbele hadi la mwisho. Wao wakisoma, yeye alisahihisha hesabu. Sikio alilitega nusu tu, la kumkamata anayecheka. Mwisho wa muhula aliandika alama za kusoma kwa kukumbuka sauti zao, na sauti aliyoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya msichana wa dawati la mwisho, ambaye wenzake walimwita Redio. Huyo alipokuwa anasoma, hata wale wa kuchokozana walinyamaza. Alikuwa hakwami. Tangu la tatu, maana somo la kusoma alilifundisha darasa hilo pia, Bi Subiri alimwandikia maneno yaleyale kila muhula: anasoma vizuri sana.

Njia ya pili ilikuwa kopo la biskuti. Zamani, alipokuwa anawafanyisha watoto mazoezi ya kuungama, aliwaachia waseme dhambi zao wenyewe. Mwaka mmoja mtoto akapiga magoti akaeleza, kwa sauti ya kusikika uwanjani, mambo ya baba yake na jirani. Baba mtu alifika shuleni siku ya pili kamba za viatu hazijafungwa. Toka hapo Bi Subiri akaandika dhambi sitini kwenye vikaratasi, akavitia koponi, na kila mtoto akawa anachota yake. Nilikula sukari bila ruhusa. Nilimpiga mdogo wangu. Nilimcheka mwenzangu alipoanguka. Nilisinzia wakati wa misa. Hii ya mwisho watoto waliigombania, ikabadilishwa uwanjani kwa penseli mbili. Yuko mmoja aliyechota ya kumkosea bibi yake adabu, akagoma katakata, eti hana bibi.

Alhamisi hiyo, baada ya kengele ya saa saba, mazoezi yalianza. Bi Subiri alikaa kwenye kiti nyuma ya pazia la kijani lililofungwa kwenye kona ya darasa, akiwa ndiye padre wa siku hiyo. Aliwakumbusha, kama kila mwaka, kwamba yanayosemwa hapa yanabaki hapa. Mtoto alipiga magoti, akasema dhambi ya kwenye kikaratasi, akamkabidhi, na yeye akajibu maneno yaleyale: sali Salamu Maria tatu, na usirudie tena. Kuondolea dhambi hakugusa, hiyo ni kazi ya padre mwenye upadre. Mtoto wa kumi alipoondoka macho yalikuwa yameshaanza kufumba. Alipofika wa hamsini, alikuwa anajibu usingizini.

Redio alikuja wa mwisho, kama alivyokuwa wa mwisho katika kila kitu, kwa kupenda mwenyewe. Akapiga magoti. "Nilikula sukari bila ruhusa," akanong'ona, akatoa kikaratasi.

Bi Subiri alikipokea akakitupia jicho kabla ya kukiweka pajani pamoja na vingine. Nilimcheka mwenzangu alipoanguka, ndivyo kilivyosema. Sukari ilikuwa imeungamwa na mtoto wa tatu, na kikaratasi chake kilikuwa palepale pajani.

Akamrudishia, akamwambia asome vizuri. Redio alikishika kwa mikono miwili. Akakaa nacho. Kisha akasema, kwa sauti nzuri isiyotetereka, kwamba alimpiga mdogo wake. Hiyo nayo ilikuwa ya mtoto aliyetangulia, na Redio hakuwa na mdogo.

Usingizi ulimwishia Bi Subiri. Alichota kikaratasi kingine koponi, akakipitisha chini ya pazia. Hakikusomwa. Darasa lilikuwa limebaki tupu, viti vimeinuliwa juu ya madawati, na ufagio ulisikika kwenye darasa la jirani.

"Mwalimu, yanayosemwa hapa yanabaki hapa?"

"Yanabaki."

"Hata yasiyokuwemo koponi?"

"Hata hayo."

"Mimi sijui kusoma," Redio akasema. "Herufi nazijua mojamoja. Zikikaa pamoja zinanikataa."

Yaliyobaki yalitoka yenyewe. Darasani alikuwa anasikia wenzake hamsini na watatu kabla ya zamu yake, na mtu akisikia jambo mara hamsini na tatu halishiki vipi? Ubaoni alinakili herufi kama anayechora maua, na mwandiko wake ndio uliokuwa unabandikwa ukutani. Kwenye mitihani alikaa na rafiki. Nyumbani alikuwepo shangazi, aliyemsomea kila kitu huku anapika, akidhani mtoto anapenda tu kusomewa. Shangazi ameolewa mwezi uliopita, amehamia mbali. Mama hajui kusoma. Mama hufua mashuka hospitalini, na ameomba ruhusa kazini wiki mbili kabla, kwa sababu Jumapili hii binti yake anasoma somo la kwanza mbele ya kanisa zima. Karatasi ya somo ilikuwa kwenye mkoba wa Redio tangu Jumatatu, imekunjwa mara nne. Hakuna wa kumsomea.

"Nisomee wewe, mwalimu. Mara mbili tu. Nitashika."

"Subiri," Bi Subiri akasema, maana ndilo neno lililokuwa karibu.

Usiku huo alilala vibaya. Asubuhi alikuwa ameamua kumsomea. Kwa nini asimsomee? Mtoto ataenda mimbarini, atatiririka, mama atafurahi, Sista Mkuu atafurahi, paroko atampapasa kichwa, na mambo mengine yatajulikana Jumatatu. Kumfundisha mtu kusoma ni kazi ya mwaka mzima, na yeye hana hata alasiri moja ya ziada. Ndivyo alivyojipangia huku akinywa chai iliyopoa katika chumba cha walimu, na ilikuwa mipango mizuri.

Ijumaa baada ya vipindi akakaa na Redio kwenye dawati la mbele, akamsomea somo zima. Alisoma bila haraka. Katikati alikohoa, na kabla ya sentensi ya mwisho alishusha pumzi ndefu, kwa kuchoka tu.

"Haya, sema."

Redio akafumba macho akasema. Hakuacha neno. Alipanda pale Bi Subiri alipopanda na kutua pale alipotua. Katikati alikohoa kidogo. Na kabla ya sentensi ya mwisho alishusha pumzi ndefu, ya mtu mzima, ya mwanamke mwenye miguu iliyovimba, kisha akamaliza.

Bi Subiri aliogopa, na sitaki kusema aliguswa au alishangaa, aliogopa. Ilikuwa ni kuchoka kwake yeye, kumetoka kwenye kifua cha mtoto wa miaka kumi. Akainuka akaenda kabatini, akatoa daftari la maendeleo, akafungua mihula minne iliyopita. Anasoma vizuri sana. Anasoma vizuri sana. Mwandiko ulikuwa wake na haukuwa na hata mkwaruzo wa shaka. Aliona aibu, akaiona hasa, shingoni na masikioni.

Akamchukua Redio hadi kwenye pazia la kijani, akamkalisha kwenye kile kiti. Yeye akazunguka upande wa pili akapiga magoti. Magoti yalilia yote mawili, na Redio akacheka, kisha akajizuia.

Bi Subiri alisema dhambi yake kwa kifupi. Kwamba amemwandikia mtoto mmoja kuwa anasoma vizuri, mara nne, na hajamsikiliza hata mara moja. Kwamba alijua njia yake ya aya moja ni ya mtu mvivu, akaendelea nayo kwa sababu inamwachia mikono. Kwamba mpaka alasiri ya leo alikuwa anataka kuirudia dhambi hiyohiyo.

Halafu ikaja sauti ya Bi Subiri mwenyewe, ileile ya kuchoka, kutoka kinywani mwa Redio. "Sali Salamu Maria tatu. Na usirudie tena."

Alizisali palepale. Kisha akamweleza Redio kwamba mambo yako mawili. La kwanza, somo la Jumapili ameshalishika, anaweza kwenda kulisema na hakuna atakayejua. La pili, somo apewe mwenzake, na yeye asome ombi moja katika maombi ya waamini, la mstari mmoja. Ombi hilo Bi Subiri ataliandika mwenyewe. Hatalisoma kwa sauti, wala hatamruhusu mtu yeyote alisome. Watafanya kazi ya silabi leo na kesho, na mstari wenyewe Redio atauona Jumapili, akiwa amesimama mimbarini.

"Nikikwama?"

"Utakwama."

"Na mama atakuwepo."

"Atakuwepo. Na mimi nitakuwa nyuma yako, lakini sitakunong'oneza."

Redio alichezea ukingo wa pazia muda mrefu. Hakusema ndiyo. Alichosema ni kwamba kesho asubuhi mama anaingia kazini saa kumi na mbili, kwa hiyo yeye anaweza kufika mapema.

Jumamosi walikaa darasani wawili peke yao. Wa, we, wi. Cha, che, chi. Bi Subiri alikata vikaratasi vya lile kopo, akageuza dhambi upande wa chini, akaandika silabi nyuma yake. Redio alipozisema haraka, mwalimu alivichanganya. Alipozikariri kwa mpangilio, alivichanganya tena, mpaka mtoto hakuwa na pa kujificha. Mara mbili alilia. Mara moja Bi Subiri alisinzia ameshika kikaratasi cha mba, na Redio akasubiri, kisha akasema "mba" peke yake, kwa sauti ya chini, na sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha. Kufikia saa tano alikuwa anaunganisha silabi tatu, polepole, kidole kikiwa chini yake. Tatu zilikuwa chache. Mstari ulihitaji zaidi.

Ndipo Bi Subiri alipokumbuka barua. Aliichukua, akaitazama ile sentensi ya kusoma kwa ufasaha, akaikata kwa kalamu. Kisha akaona haitoshi, akaandika ukurasa upya kwa mkono, na hapo juu kabisa, kabla ya salamu na sehemu na mizizi na ramani, akaweka sentensi mbili za maneno mepesi.

Sista Mkuu aliisoma akakomea hapohapo juu, kwenye sentensi hizo mbili. Akauliza, kwa upole wake ule unaouma kuliko ukali, wazazi watafikiri nini wakiambiwa hivi kuhusu la nne. Bi Subiri akamjibu kwamba kuanzia Jumatatu atamsikiliza kila mtoto peke yake, na kila mtoto na ukurasa wake. Sista akauliza ni mtoto gani. Bi Subiri akasema hatalisema hilo. Kosa ni la mwalimu, na mwalimu yuko hapa amesimama. Sista Mkuu naye alikuwa amechoka. Alikuwa na madarasa saba na paa linalovuja. Alimtazama kitambo, kisha akaipeleka barua kwenye mashine.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Mama wa Redio alikaa benchi la tatu, mikono yake imeparara kwa sabuni ya hospitali, akiwaeleza majirani wa kulia na kushoto kuwa leo wamsikie binti yake. Somo la kwanza liliposomwa na mtoto mwingine, aligeuka nyuma kumtafuta mwalimu. Bi Subiri aliangalia sakafu.

Yalipofika maombi, Redio alipanda ngazi mbili za mimbari akafungua karatasi. Mwalimu alisimama hatua moja nyuma yake. Kimya kilianza vizuri, kikawa kirefu, kikawa kibaya. Mtu alikohoa. Paroko aliinua kichwa.

"Tu," Redio akasema. "Tu-wa. Tuwa-o. Mbe. Tuwaombee."

Kidole kilisogea. Watoto wa la nne, waliozoea kunyamaza Redio anaposoma, walianza kutazamana. "Wa-li-o," akasema, akarudi nyuma, "walio-cho. Cho." Hapo alikwama kabisa. Bi Subiri alijua neno lenyewe, alikuwa ameliandika yeye, na lilikuwa limemjaa mdomoni mpaka akauma ulimi. Hakunong'ona.

"Ka," Redio akasema. "Waliochoka." Akageuka akamtazama mwalimu wake, uso umefunguka, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia. Kisha akarudi karatasini akamaliza kidogo kidogo, kwamba wapate nguvu, na waamini wakaitikia kwa haraka ya watu waliopata ahueni.

Nje, mlangoni, barua zilikuwa zinagawiwa. Mama wa Redio aliikunja yake bila kuitazama akamfuata Bi Subiri moja kwa moja. Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha.

"Mwalimu, umemfanya nini mwanangu? Nimeomba ruhusa kazini nije kusikia hivi? Huyu barua zenu zote ananisomea yeye. Muhula uliopita alinisomea kama maji."

Bi Subiri alifungua kinywa. Alikuwa na la kusema, tena alilitayarisha njiani, kwamba kosa lote ni lake. Lakini lililosemwa nyuma ya pazia linabaki nyuma ya pazia, na hakuwa na ruhusa ya kulianza. Alisema tu kwamba mtoto amefanya kazi kubwa tangu juzi. Mama alisonya kidogo, akamnyooshea Redio barua, kama alivyozoea.

"Nisomee basi. Mwalimu naye asikie unavyosomaga."

Redio aliichukua. Bi Subiri aliona macho ya mtoto yakimpanda mama yake, yakipima, na akajua kinachopimwa. Barua zilizopita zilikuwa zinaanza namna moja miaka yote, na mtoto alikuwa nazo kichwani, sehemu na mizizi na ramani. Angeweza kuanza sasa hivi asikwame hata mara moja, na mama angeondoka pale anatabasamu.

Redio akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Mu," akasema. "Mu-hu. Muhula. Hu-u. Muhula huu." Watu walikuwa wanapita, wengine wakitazama. Ilichukua muda ambao mtu angemaliza kusali Salamu Maria tatu na kubakiza. "Tu-ta-ji. Tutaji-fu. Nza. Ku-so-ma. Tu-ta-a-nza. Mwa-nzo."

Mama alisubiri mengine yaje. Hayakuja.

"Ndiyo nini hivyo? Mbona siku zote huwa husomi hivi?"

"Siku zote nilikuwa sisomi, mama," Redio akasema. "Leo ndiyo nasoma."

Alimtazama binti yake, akamtazama mwalimu, na Bi Subiri hakukwepa. Kisha mama akaketi kwenye ngazi ya kanisa na gauni lake la Jumapili, mzima mzima, akachukua upande mmoja wa ile karatasi, akauliza ile herufi ya kwanza kabisa, yenye umbo la milima miwili, ni ipi.

"Mu," Redio akamwambia.

Bi Subiri alitaka kwenda nyumbani akavue viatu. Aliketi ngazi ya juu yao, akangoja.